Mama Nyongeza na Vidonge vya Vitamini C

Fundi mmoja wa kushona alikuwa na cherehani mbili, meza moja ya kukatia na mdomo usiolala. Wateja walimwita Mama Nyongeza. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Akikupima kiuno ukawa na inchi thelathini, ataandika thelathini kwenye daftari lake. Kisha pembeni ataweka alama ya kujumlisha na mbili. Hizo inchi mbili hukunjwa ndani ya mshono. Ukinenepa, anafumua, nguo inakutosha tena.

"Kitambaa kikizidi kinakunjwa," alipenda kusema. "Kikipungua, hata ulie machozi, hakirefuki."

Kwa nguo, alisema kweli. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo aliitumia kila mahali. Chumvi aliongeza. Sabuni aliongeza. Na mafua yalipoingia mtaani, akaongeza vidonge.

Alikuwa na sare sitini za shule za kushona. Hakutaka mtu augue nyumbani, yeye wala mumewe, fundi wa kuchomelea mageti. Akanunua vidonge vya vitamini C, vile vikubwa vinavyotoa povu kwenye maji. Kichupa kiliandikwa: miligramu 1000, kidonge kimoja kwa siku.

"Kimoja kitamsaidia nani?" alisema. Akawa anakunywa viwili kila asubuhi. Mchana, akiwa kwenye cherehani, alitafuna vitatu vingine, vidogo na vitamu kama peremende. Hivyo vilikuwa na miligramu 500 kila kimoja. Mumewe alipewa vile vikubwa, viwili asubuhi na kimoja jioni.

"Mke wangu, hii ni dawa au soda?" mume aliuliza.

"Kunywa, baba. Kinga ni bora kuliko tiba."

Mume akanywa. Nyumba ile ilikuwa na amani kwa sababu yeye hakupenda ubishi.

Wiki ya pili tumbo la Mama Nyongeza likaanza kuunguruma. Akishona pindo moja, anakimbilia chooni. Akirudi, hakumbuki alipoishia. Sare zikalala mezani.

Siku moja jirani yake, muuguzi wa zahanati, alikuja kupimwa gauni la kazi. Mama Nyongeza alimzungushia tepu kiunoni. Ghafla akaiachia na kukimbia. Aliporudi, muuguzi alikuwa bado amesimama na tepu yake.

"Dada, hii ni mara ya pili tangu nifike."

"Ni tumbo tu, Nesi. Labda ile mboga ya jana."

Muuguzi alikuwa ameshaona kichupa kando ya cherehani. "Na hivi vidonge? Unakunywa vingapi?"

Mama Nyongeza akamweleza yote, kwa fahari kidogo. Muuguzi akachukua chaki ya kukatia na kuandika juu ya meza.

"Viwili vya elfu moja ni elfu mbili. Vitatu vya mia tano ni elfu moja na mia tano. Jumla, miligramu elfu tatu na mia tano kwa siku. Unajua mwanamke mzima anahitaji ngapi?"

"Elfu mbili?"

"Sabini na tano."

"Sabini na tano elfu?"

"Elfu umeileta wewe, dada. Miligramu sabini na tano. Mwanamume, tisini."

Mama Nyongeza akakaa. "Sasa ile ya ziada inakwenda wapi?"

"Mwili hauna mshono wa kuikunjia. Unachukua kidogo, nyingi inatoka kwenye mkojo. Ikizidi sana inabaki utumboni na kuvuta maji. Ndiyo hizo mbio zako. Mtu mzima asipite elfu mbili kwa siku, chakula na vidonge vikihesabiwa pamoja. Na hiyo elfu mbili ni ukomo. Hutakiwi kuifikia."

"Na mafua?"

"Kwa watu wengi vitamini C haiyazuii. Anayekunywa kila siku labda atapona mapema kidogo. Basi." Muuguzi akaweka chaki chini. "Nani mwingine anakunywa hapa nyumbani?"

"Baba watoto. Elfu tatu."

"Hana ugonjwa wowote?"

"Hana! Mzima kama chuma chake. Ila mwaka juzi alipata kijiwe kwenye figo."

Muuguzi akaacha utani. "Mpigie simu, dada. Sasa hivi. Vitamini C ikizidi, sehemu yake inageuka kuwa kitu kinachoweza kutengeneza vijiwe. Aliyewahi kupata kijiwe asimeze vidonge vikubwa bila kumuuliza daktari."

Mama Nyongeza aliogopa. Alimkumbuka mumewe mwaka juzi, amejikunja sakafuni, mtu mzima, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Akachukua simu, akakosea namba mara mbili.

"Uko salama?" aliuliza mumewe alipopokea.

"Salama tu. Ila ubavu wa kushoto, huku nyuma, unauma tangu jana. Nadhani ni lile geti la dukani. Nililinyanyua vibaya."

"Weka chini hicho chuma. Nakuja."

Hospitalini walipima mkojo, kisha wakapiga picha ya figo. Kijiwe kilikuwepo. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele.

"Siwezi kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyokileta," daktari alisema. "Lakini kwa mtu kama wewe, elfu tatu kwa siku ni kuchokoza nyuki. Acha leo. Kunywa maji mengi. Kijiwe hiki kinaweza kutoka chenyewe. Maumivu yakizidi, au ukipata homa, au mkojo ukigoma, rudi hapa mara moja."

Njiani Mama Nyongeza alimnunulia mumewe chupa ya maji.

"Nimekunywesha kwa mkono wangu mwenyewe," alisema akimpa.

"Ulinipenda," mume alijibu, "ukaweka na nyongeza."

Kijiwe kilitoka baada ya siku tano. Siku ile mume hakuchomelea chochote. Alilala kitandani anauma mto, na mkewe alikaa pembeni na jagi la maji. Picha ya pili ilionyesha figo safi. Tumbo la Mama Nyongeza lenyewe lilitulia siku mbili tu baada ya kuacha vidonge, na sare sitini zikafika shuleni kwa wakati.

Muuguzi alipokuja kuchukua gauni lake, alikuta sahani ya mapera mezani.

"Pera moja linatosha kwa siku nzima," alisema. "Au chungwa moja, na nyanya na mboga za majani mnazokula. Ila mboga usiipike mpaka ife. Moto mwingi unaiharibu vitamini C."

"Na asiyepata matunda?"

"Kidonge kidogo, chenye kiasi cha siku moja. Asome kichupa, asizidishe. Mjamzito, anayenyonyesha na mvuta sigara wanahitaji zaidi kidogo, waulize kliniki kwanza."

Muuguzi alipoondoka, Mama Nyongeza alifungua daftari lake la vipimo. Baada ya ukurasa wa sketi ya mwalimu mkuu, aliandika: *Mimi, 75. Baba, 90. Tunda kila siku. Vidonge, hakuna.*

Mumewe alisoma juu ya bega lake. Akageuza ukurasa mmoja nyuma, akaangalia ile alama ya kujumlisha, akarudi.

"Mbona huku hujaweka zile mbili zako pembeni?"

"Zile ni za nguo," alisema mkewe, akampa pera. "Nguo nikiikosea, naifumua. Wewe nitakufumulia wapi?"