Dirisha la Maua ya Manjano

"Nikupe siri ya mji wetu," Vanderlei alisema. Walikuwa wamesimama dirishani, mkono wake kiunoni mwa Jucilene. "Hapa Maringá kila barabara ilipewa mti wake. Huu mtaa wangu ni mijakaranda mwanzo mwisho. Hata nikilewa chakari, nikiona maua ya zambarau najua nimefika nyumbani."

"Na maua ya manjano je?"

"Hayo ni barabara nyingine kabisa, kule nyuma ya kanisa kuu. Huku hulipati ua la manjano hata kwa dawa."

Akacheka. Jucilene hakucheka.

Alikuwa ametua jana yake kutoka Belém, kaskazini kabisa mwa nchi. Saluni yake kaifunga, wateja kawaaga kwa machozi, na mama yake keshaanza kutangaza harusi. Yote kwa ajili ya mwanaume huyu aliyemtumia picha kila asubuhi, mwaka mzima: kikombe cha kahawa dirishani, na ujumbe chini yake, "Amka malkia. Dirisha langu linakusubiri."

Nyuma ya kikombe kulikuwa na maua. Ya manjano.

"Mpenzi, hapa ulihamia lini?"

"Mimi? Miaka kibao, malkia wangu." Akambusu shavuni, akachukua funguo. "Acha niwahi ofisini, kuna mteja ananisumbua. Jioni nakupeleka kule msituni katikati ya mji, tumbili wakuibie ndizi."

Mlango ulipofungwa, Jucilene alifungua kabati. Tupu. Jikoni hapakuwa na hata chumvi. Jana Vanderlei alimwambia ni mambo ya kiseja, anakula hotelini, naye akamwonea huruma, maskini. Sasa alianza kujionea huruma mwenyewe.

Akaikuza moja ya zile picha kwenye simu. Ng'ambo ya barabara palionekana duka la mikate lenye turubai la kijani. Akashuka kutafuta teksi.

"Nipeleke barabara ya maua ya manjano."

"Nyuma ya kanisa kuu? Panda, dada."

Duka la mikate lilikuwepo, na turubai lake. Mkabala, ghorofa ya kwanza, mwanamke alikuwa akikung'uta kitambaa cha meza dirishani.

"Samahani, dada! Hapa ni kwa Vanderlei?"

"Ndiyo! Nani mwenzangu?"

"Natoka Belém."

"Aaa, mteja!" Mwanamke alifurahi kweli. "Mume wangu kanichosha wiki nzima, mteja wa Belém, mteja wa Belém. Panda, kahawa iko jikoni!"

Mume wangu. Jucilene akapanda ngazi ameshika ukuta.

Mwanamke aliitwa Ivone. Alimimina kahawa huku akiongea bila kupumua.

"Keshakuonyesha ile nyumba ya kwenye mijakaranda? Kapewa udalali wake, anahangaika kuiuza tangu Pasaka."

"Kanionyesha. Nimelala humo."

"Umelala?" Mkono wa Ivone ukasita. "Peke yako?"

Jucilene akainamisha uso.

"Dada, usinichukie. Aliniambia hana mke. Nimekuja kuolewa."

"Mwongo wewe!" Ivone aliweka birika chini kwa kishindo. "Unaingia nyumbani kwa watu na kuropoka tu?"

Jucilene hakubishana. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Malkia! Umeshanikumbuka?"

"Sana. Uko wapi?"

"Si nimekwambia, nahangaika na huyu mteja."

"Hebu niambie tena. Tunafunga ndoa lini?"

"Desemba, mama. Mimi sina mwingine duniani, mbona una wasiwasi?"

Ivone aliivuta simu kwake.

"Vanderlei."

Sauti ya upande wa pili ikawa ndogo:

"Ivone? Mke wangu, sikiliza, huyo ni mteja tu..."

"Najua, nimemkaribisha kahawa. Sasa nawe nina kazi nakupa, dalali mkubwa. Tafuta chumba cha mtu mmoja. Uhamie leo."

Akakata, akairudisha simu bila kumtazama Jucilene.

"Maliza kahawa yako uende. Sikuchukii. Ila siwezi kukutazama."

Jucilene aliiacha kahawa. Pale chini barabarani simu iliita. Vanderlei. Akakata, akampigia mama yake.

"Mama, usiendelee kuwaambia watu."

"Kuna nini? Mbona nimeshamwambia mpaka padri!"

"Ana mke, mama."

Alikaa ukingoni mwa barabara akalia kwa sauti, wapita njia wakimgeukia, na mama yake akasikiliza kilio chote bila kukata simu.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema mwishowe. "Saluni tutaifungua tena. Padri niachie mimi."