Kiboksi cha Pili

Mpiga chapa alikuwa anavuta wino wa bluu juu ya fremu ya kuchapia, wateja wamejipanga hadi mlangoni, aliposikia sauti aliyoijua hata kabla hajainua kichwa.

"Naomba vipeperushi mia tatu. Ni vya shule, vya kesho."

Gauni la kijani, koti jeupe la kazi limekunjwa mkononi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi uleule. Ilikuwa imepita miaka sita. Wino ukamdondokea kiatuni.

"Wewe, unapaka kiatu rangi?" dada yake mkubwa akamtania kutoka kwenye mashine ya kutolea nakala. Kisha akamwona mgeni. "Haa! Wifi!"

"Shikamoo, dada," mfamasia akasema kwa aibu. "Duka lile lingine wamefunga."

"Marahaba. Afadhali walivyofunga."

Ni dukani humu walimojuana. Wakati ule msichana alikuwa mwanafunzi wa famasia, kurasa za utafiti wake zimemwagika na kuchanganyika. Mpiga chapa akapiga magoti sakafuni, wakazipanga moja moja, na walipofika ukurasa wa arobaini walikuwa wanacheka kama watu waliokua pamoja. Tangu siku ile simu ililia kila saa sita mchana.

"Umekula, Wino?"

"Nimekula karatasi."

"Haya, tafuna polepole, mpenzi. Usije ukapaliwa."

Halafu kikaja kiboksi. Mteja mmoja alileta kiboksi cha dawa ya maumivu, akasema kiwanda chao kimeishiwa viboksi, anataka mia mbili kama hicho. Mpiga chapa alichanganya rangi siku nne mpaka akaipata. Hakuwahi kuionea kazi fahari kama ile. Mchana mmoja akaviweka viwili mbele ya mpenzi wake.

"Haya, mfamasia wangu. Changu ni kipi?"

Akavigeuza, akavisogeza dirishani, akavaa miwani. Hakuweza kuvitofautisha. Mpiga chapa akacheka kwa furaha. Msichana akainuka, akaacha chakula mezani, akaondoka. Simu ya saa sita haikulia tena.

Sasa, foleni ilipoisha, mpiga chapa alisimama akisoma kipeperushi alicholetewa. Kidonge bandia hakijulikani kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha. Usimeze kidonge alichokupa rafiki au ulichonunua mtandaoni; huenda kina fentanili.

"Fentanili ndiyo nini?" akauliza taratibu.

"Dawa kali ya maumivu. Hospitali huipima kwa uangalifu mkubwa. Hao wa bandia wanaichanganya kwa kukisia, na chembe chache tu zinatosha kuzima pumzi ya mtu." Akaliweka koti mezani. "Wiki ile uliyonionyesha viboksi, tulikuwa tumeletewa mwanafunzi kule hospitali nilikofanya mafunzo. Alimeza kidonge kimoja, kasha lake safi kabisa. Wenzake walimsikia anakoroma, wakadhani amelala fofofo. Hakuamka. Na mimi nikadhani wewe unajua unachochapa."

"Mimi nilidhani umeidharau kazi yangu." Akapangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. "Ulivyoondoka nilipatwa na wasiwasi. Nikapiga simu kiwandani, wakasema hawamjui huyo mtu. Nikaenda polisi. Vilivyobaki nikavichoma."

"Vilivyobaki?"

"Hamsini alikuwa ameshachukua."

Dada akazima mashine.

"Mbona hukunipigia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimechoma mia na arobaini na tisa?" Akavuta droo. Ndani, kwenye kitambaa, kilikuwepo kimoja, rangi yake bado nzuri. "Hiki nilishindwa. Nikikiangalia nawaza vile hamsini viliishia kwa nani."

Mfamasia akakichukua, akakigeuzageuza.

"Kesho twende wote shuleni, nitaleta cha kweli. Uviweke viwili mbele ya wanafunzi, uwaulize kama ulivyoniuliza mimi."

"Na vile hamsini?"

"Uwaambie."

"Watanionaje?"

"Vibaya. Halafu watakusikiliza. Mimi nawahutubia mwaka wa pili huu, wanapiga miayo."

Mpiga chapa akasugua kwa kidole gumba wino uliokauka kwenye kucha. Hakuwahi kusimama mbele ya watu. Hata dukani dada ndiye aliyeongea na wateja.

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Na wewe unanionaje?"

"Bado naangalia." Akavaa miwani, akamtazama kuanzia kichwani. "Umenenepa."

"Ni karatasi."

Dada akacheka mpaka akashika meza.

Kufikia jioni upande wa kwanza wa vipeperushi ulikuwa umetandazwa kwenye kamba, wino bado mbichi. Upande wa pili, wenye maelezo ya kumwita mhudumu wa afya haraka na kutomwacha mwenzako peke yake, ulikuwa haujaguswa. Mpiga chapa akaifunika fremu.

"Huu usubiri asubuhi. Nikiugusa sasa utachafuka."

"Na sisi tukauke kwanza," mfamasia akasema, akachukua koti lake. Mlangoni akageuka. "Shuleni tunaingia saa nane. Nikipiga saa sita, utapokea?"

"Uliza kwanza kama nimekula."