Kioo cha Ukuta wa Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alikuwa na kazi tatu: kufagia uani, kumpelekea bibi maji ya kunawa, na kukagua kioo.

Nyumba yao ilikuwa juu kabisa ya mtaa, pale ngazi za mawe zinapoishia. Chini yake mapaa ya mabati yalishuka moja baada ya jingine hadi baharini. Ukuta wa nyuma, uliozuia udongo wa kilima, ulikuwa umeingia ufa. Mjomba wake, fundi mwashi, alipachika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa ule kwa saruji, ncha moja huku, nyingine kule.

"Kikikaa kizima, ukuta umetulia," alisema. "Kikikatika, ujue kilima kinasogea. Siku hiyo mnahama, hakuna mjadala. Wewe ndiye jicho langu."

Jumatatu moja, baada ya mvua ya siku mbili, Kidoti alikuta kioo kimekatika katikati. Moyo ukamlipuka. Akafikiria shule yake, shoga yake wa nyumba ya chini, na dirisha linaloona bahari yote. Mjomba alikuwa ameacha vioo vingine na saruji kwenye kopo. Akakibandua kile, akapachika kipya, akapaka tope ili saruji isionekane mbichi.

"Kioo kinasemaje?" mama aliuliza, mguu ukiwa kwenye cherehani.

"Kizima, mama."

"Mungu ashukuriwe. Basi tunakaa."

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Changarawe zilidondoka nyuma ya ukuta hata mvua ilipokatika. Mlango wa jikoni ukagoma kufunga.

"Huu mlango umenenepa kunizidi," bibi alitania, akiusukuma kwa nyonga.

"Ni unyevu tu," mama akasema. "Kioo si kizima?"

Kidoti akainamisha uso.

Alhamisi alirudi kutoka shule mawingu yametanda. Bibi alikuwa amejinyoosha kitandani, kichwa kimeelekea ukuta ule ule. Vumbi jembamba lilimwangukia kwenye kanga, naye akalipangusa tu, akafumba macho.

"Mama," Kidoti alisema, "kioo kilikatika Jumatatu. Hicho kilichopo nilikiweka mimi."

Mkasi wa mama ulisimama katikati ya kitambaa. Hakugomba.

"Mwamshe bibi yako. Pitieni kwa majirani, muwaambie watoke. Usirudi kuchukua kitu."

Wote watatu walikuwa wamefika nusu ya ngazi waliposikia mngurumo nyuma yao, kisha kimya. Ukuta ulikuwa umelala. Udongo ulijaa chumba cha bibi hadi dirishani, ukafunika kitanda chote.

Jioni, nyumbani kwa mjomba, hakuna aliyekula. Kidoti alikaa mlangoni, akingoja kufokewa. Mjomba akaja kuketi karibu naye.

"Ulipobadilisha kioo, kilima hakikusimama," alisema taratibu. "Kiliendelea kuja. Sisi ndio uliotufumba macho. Kuhama kunauma, mwanangu, lakini habari mbaya ikisemwa mapema, watu wanapata nafasi ya kutoka. Leo umeisema kwa kuchelewa, na Mungu ametusitiri. Usimjaribu tena."

"Sitarudia, mjomba."

Bibi alikohoa kule ndani. Wote wakamsikiliza akivuta pumzi.

Mjomba akatoa kipande cha kioo mfukoni, akamwekea Kidoti kiganjani.

"Kesho tunakagua kuta za wale waliobaki kule juu. Bado nahitaji jicho."