Kisiki Kisichong'olewa

Kila jioni Masengo alipika bukari, ugali wa kwao, huku sikio lake likiwa barabarani. Baiskeli za makala, yale makaa ya kupikia, zilipita mbele ya nyumba yake mjini Kamina, zimebebeshwa magunia mpaka msukumaji haonekani. Masengo alikuwa akingoja moja tu, ile yenye gurudumu linalolia kwikwi, kwikwi. Hiyo ilikuwa ya mumewe, Yav. Hata isipopita, alimwekea Yav sahani yake na kuifunika.

Walipooana, pori lilianza nyuma ya reli. Yav alikata miti na kuchoma makala, na kabla jua halijazama alikuwa nyumbani akionja mboga bila ruhusa. Sasa pori limekwenda mbali, upande wa Luena, mwendo wa siku mbili kwa baiskeli. Yav alikaa huko wiki tatu, akarudi kwa siku mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yav hakuwahi kuifikia hiyo ya tatu.

Siku moja alirudi mweusi kwa vumbi la makala. Binti yao Numbi, wa miaka miwili, alimwona akakimbilia nyuma ya mama yake akilia.

"Papa yako njo huyu," Masengo alimwambia.

Numbi akakataa hata kumtazama. Yav aliweka chini ndizi alizomletea, akaenda kuoga. Alikaa huko muda mrefu.

Alipokuwa akifunga mizigo ya kuondoka tena, Masengo alisimama mlangoni.

"Papa Numbi, minyi nimechoka kuolewa na sahani."

"Nitafanya namna gani? Miti iko kule," Yav akajibu. "Nikibaki hapa, mutoto atakula nini?"

Masengo akampisha mlangoni. Alimtamani arudi kabla hata hajapita kona ya barabara.

Jirani yake Kadija aliuza makala kwa rejareja sokoni. Ndiye aliyemletea habari.

"Dada, kuko masomo ku shule, siku ya posho. Banaita économie verte. Uchumi wa kijani."

"Uchumi iko na rangi?"

"Hata minyi nilicheka. Twende, tutacheka wawili."

Siku hiyo ya posho, yaani Jumamosi, mwalimu alikuwa Débora, agronome, mtaalamu wa kilimo, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Hakuwakalisha darasani. Aliwavusha reli mpaka kwenye uwanja mtupu wa majani makavu.

"Nani anakumbuka hapa palikuwa nini?"

"Palikuwa pori," Masengo akasema polepole. "Bwana yangu alikuwa anatokea pale, kila mangaribi."

Débora akachutama na kufunua majani. Palikuwa na kisiki, na pembeni yake machipukizi manne.

"Muangalie. Hii kisiki haikukufa. Mizizi iko nzima. Miti yetu mingi ukiikata inaota tena, haiombi hata mbegu. Sasa, juu ya nini pori haikurudia?"

Akina mama wakatazamana. Kila mmoja alijua. Baada ya kukata mti, watu waling'oa na kisiki, kwa sababu makala yake hayaishi upesi. Kilichosalia kilikutana na moto wa Septemba, ule wa kuwinda panya wa porini.

Masengo alihisi aibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwambia Yav, "Usisahau visiki." Kisiki baada ya kisiki, alikuwa amemsukuma mumewe mpaka Luena.

"Kama uko na kuku, kula mayai," Débora aliendelea. "Ukikula kuku, kesho utakula nini? Économie verte njo ile. Kupata feza leo, na mutoto apate yake kesho."

"Na tungoje miti na njaa?" Masengo akauliza.

"Hapana. Mutoto wa kisiki anataka miaka. Lakini tutawafundisha kutengeneza mbabula ya udongo, jiko ya makala. Inashika moto vizuri, inakula makala kidogo. Bantu watainunua."

Yav aliporudi hakuamini. "Kisiki haijazi tumbo," alisema. Masengo akamshika mkono, akamvusha reli, akamwonyesha machipukizi. Yav akachutama, akakipapasa kisiki.

"Hapa njo nilikata muti yangu ya kwanza," alisema mwishowe. "Basi, tujaribu musimu moja."

Mkuu wa eneo aliwapa akina mama uwanja ule wautunze. Mwezi wa tano, kabla majani hayajakauka sana, walilima njia pana kuuzunguka ili moto usivuke. Hakuna aliyeruhusiwa kung'oa kisiki. Yav hakurudi Luena; alijifunza mbabula kwa Masengo, akakata mabati ya zamani ya ganda la nje na kuchimba udongo wa kichuguu wa ndani. Mbabula zake za kwanza zilipasuka zote, maana alizianika juani. Alipoanza kuzikausha kivulini, zikawa imara. Kadija aliziuza kando ya makala yake.

"Weye unaniulia biashara," alimtania Yav. "Bantu wanapika maharagi na makala ya mukono moja!"

Msimu mmoja ukazaa mwingine. Baada ya miaka mitatu machipukizi yalimpita Yav kimo. Kwenye kila kisiki aliacha mashina mawili manene, akapunguza membamba kwa kuni. Sehemu nyingine za uwanja hazikuguswa kabisa. Ile baiskeli sasa ilibeba mbabula kwenda sokoni, na kurudi.

Jioni moja Masengo alipakua bukari, akajaza sahani moja, akaifunika na kuiweka pembeni. Numbi, sasa wa miaka mitano, alimtazama.

"Mama, sahani ya nani?"

"Ya papa yako."

"Papa si iko hapa?"

Yav alikuwa mlangoni, anakanda udongo, mikono imechafuka hadi kwenye viwiko. Masengo akaitazama sahani. Machozi yakamjaa machoni, akacheka nayo. Akaifunua.

"Mupelekee," alimwambia Numbi. "Bado iko moto."