Kabanga Bila Mbuyi

«Maziwa imechemka.»

Sauti ilisema hivyo tu. Simu ikakatwa.

Danielle Mujinga aliichomeka Tecno yake ndani ya soksi, akajifuta mikono kwenye pagne aliyojifunga kiunoni, akaendelea kusafisha chupa ya kunyonyeshea kana kwamba aliyepiga ni shangazi yake. Maziwa imechemka, kwa lugha ya siri ya wenzake: mzigo unatoka leo.

Na mzigo wenyewe ulikuwa umemkumbatia shingoni.

Pale walimwita Tina. Alikuwa sokwe mchanga, masikio mapana, macho ya kuuliza. Mama yake aliuawa porini, naye akaletwa ndani ya kikapu na watu wema waliodhani wanamfikisha salama. Pale palikuwa Huruma ya Pori, shirika la hisani lenye kibao kizuri kando ya barabara ya Kakontwe. Watu wa mbali walituma msaada wa maziwa na dawa. Wanafunzi wa mji wa Likasi walileta ndizi na michoro ya tembo wenye tabasamu. Mkurugenzi, Monsieur Adolphe, alipiga nao picha, akawashukuru huku machozi yakimlengalenga.

Kisha aliuza wanyama.

Danielle alikuwa ajenti wa kikosi cha siri kinachowasaka wauzaji wa wanyama wa pori. Huruma ya Pori walimjua kama Mama Josée, mwanamke wa kuajiriwa kumbeba sokwe yatima, kumnywesha, kulala naye kifua kwa kifua ili asife kwa huzuni. Kazi ngumu kuliko bunduki. Unamfundisha kiumbe kukuamini, halafu unamtumia umfikie mnunuzi. Na wakati huo wote watoto wake mwenyewe walikuwa kwa bibi yao, mtaa wa Kikula, na kwenye simu waliuliza neno moja: «Mama, unarudia siku gani?»

Mkuu wake, Arsène, alimpa sheria moja tu siku ya kuondoka.

«Jina ya uongo, sawa. Bwana ya uongo, sawa. Lakini majina ya batoto yako isitoke mu kinywa. Hata bakupige.»

Bastola yake, Makarov, ilikuwa ndani ya kopo la Nido, chini ya unga wa maziwa. Alikuwa ananyoosha mkono kulichukua mlango ulipofunguliwa.

Casimir. Mlinzi wa Adolphe, mtu wa kutoka mbali sana na Katanga, mabega kama kabati.

«Mama Josée, tunaenda. Kopo acha.»

«Mutoto atakula nini mu njia?»

«Hatakula. Atalala.»

Alimpapasa mpaka akaipata Tecno kwenye soksi, akaitupa ndani ya pipa la maji bila hata kuitazama. Kisha akatoa chupa ya sirapu, akambana Tina taya, akamimina.

«Casimir, ile ni mingi! Ile ni dawa ya muntu mukubwa!»

«Weye njo docteur?»

Akamimina tena.

Dakika chache baadaye mikono midogo iliyomshika Danielle shingoni ilianza kulegea. Walimvika Tina kofia nyeupe ya kusuka, soksi za mtoto, blanketi la waridi. Ukimtazama kwa mbali ungesema binti wa mtu amepelekwa kubatizwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa hila ya Adolphe. Sanduku lolote hufunguliwa na polisi. Mama mwenye kichanga hafunguliwi na mtu.

Land Cruiser ilitoka na nembo ya shirika mlangoni: mikono miwili imemkumbatia swala. Adolphe aliendesha mwenyewe, shati limepigwa pasi, marashi mpaka nyuma. Casimir aliketi kando ya Danielle, bastola chini ya koti, mdomo wake wa chuma umegusa mbavu.

«Usiogope, mama,» Adolphe alisema, akimtazama kwenye kioo. «Tunafika ku ndege, unapana mutoto kwa Monsieur mwenye kumungoja, unarudia nyumba. Kule anaenda ataishi kama mufalme.»

«Mu cage?»

Adolphe akacheka. «Hata mufalme iko na lupango, na ukuta yake.»

Kilichobaki kwa Danielle kilikuwa redio ya Motorola, ndogo kama kidole gumba, imeshonewa ndani ya kitambaa cha kichwa. Ilikwaruza sikioni, ikamwita kwa jina lake la siri la kazi.

«Kanga. Minye Arsène. Kama unasikia, kohoa.»

Akakohoa.

«Lori ya asidi imepinduka mbele yetu. Njia imefungwa. Hatufike.»

Akakohoa mara mbili. Msaada.

Kisha sauti ya Arsène ikarudi, nzito, kama mtu anayesema msibani.

«Najua. Pole. Usianze vita weye moja. Acha bapite.»

Redio ikafa.

Acha bapite.

Danielle alitazama nje. Miti ilirudi nyuma, vumbi likarudi nyuma, Likasi ikarudi nyuma. Aliingiza mkono chini ya blanketi. Pumzi ya Tina ilikuja, ikakaa, ikachelewa kurudi. Ikaja tena, nyembamba kama uzi. Alimfinya kidole kwa siri. Kidole hakikujibu.

Alijua kuvunja mkono wa mtu, kufungua kufuli kwa waya. Sasa alikuwa mama tu, ameketi katikati ya gari, na kiumbe kinamfia mapajani. Akijaribu kupigana, risasi itapita kwa Tina kwanza. Akikaa kimya, dawa itamaliza kazi yake. Akaomba. Ndilo tu alilokuwa nalo.

Mbele ikaonekana barrière ya péage, kizuizi cha ushuru wa barabara.

Polisi wa barabarani aliona nembo, akapiga saluti. «Ah, batu ya huruma! Pitieni, pitieni.» Lakini lori la saruji lilikuwa limezimika chini ya kizuizi, na magari yote yakasimama. Wanawake wenye mabeseni ya samaki wa ziwa Tshangalele wakayavamia madirisha.

«Samaki, papa! Bado anakuangalia na jicho!»

Casimir akasukuma bastola. «Hapana kusema kintu.»

Mama mmoja mnene, kitambaa cha njano kichwani, alichungulia kwenye kioo kilichofunguliwa nusu. Wenzake walimwita Mama Delphine. Alimwona mtoto, uso wote ukachanua.

«Félicitations, muzazi! Ah, kofia mu jua hii, utamupika! Anaitwa nani?»

Danielle aliisikia lafudhi. Kikasai, ileile ya mama yake, ileile ya nusu ya Likasi, ya watu ambao mababu zao walikuja kuchimba shaba na hawakurudi tena. Akamtazama Casimir. Casimir alimwashiria kwa kichwa: jibu, haraka.

Sheria ilikuwa moja tu.

Danielle akaivunja.

«Kabanga,» alisema.

Kwenye kioo, uso wa Adolphe ukabadilika rangi. Alikuwa mtoto wa Likasi, alielewa kuwa hilo ni jina la pacha wa pili. Casimir hakuelewa kitu.

«Kabanga!» Mama Delphine akapiga makofi. «Basi weye ni Mwambuyi, mama ya mapasa! Na mukubwa yake, Mbuyi, iko wapi?»

«Mbuyi gani?» Casimir akafoka. «Mutoto ni huyu moja tu!»

«Mbuyi iko nyumba,» Adolphe akasema papo hapo, «na bibi yake.»

Majibu mawili, gari moja.

Mama Delphine aliwatazama wanaume wale wawili. Kisha akamtazama Danielle, ambaye machozi yalikuwa yakimshuka. Beseni la samaki likateremka polepole mpaka chini, mbele ya gurudumu.

«Kabanga hazaliwake moja,» alisema kwa sauti ya chini. «Huyu anasema hakuna Mbuyi. Huyu anasema iko nyumba. Na mama analia.» Akageuka. «Bamama! Muye hapa! Bezi ya batoto!»

Walikuja. Wa samaki, wa ndizi, wa makaa. Mabeseni yakapangwa mbele ya Land Cruiser kama ukuta.

«Mulimuweka wapi Mbuyi?»

«Mulimuuzisha?»

«Na mashati yao ya pasi!»

«Mamans, calmez-vous,» Adolphe alisema, akishuka na kitambulisho mkononi. «Minye ni directeur wa shirika la—»

Samaki mmoja mzima akampata mdomoni.

Casimir aligeuza kichwa kutazama.

Ilitosha.

Kiwiko cha Danielle kikaingia kooni. Mkono wa kushoto ukakamata bastola, ukaizungusha, mfupa ukalia. Casimir akateleza nje ya mlango, akaangukia makaa ya watu.

«Polisi!» Danielle alisema, bastola mkononi. «Mufunge hawa wawili. Minye ni ajenti.»

Kisha akavua kofia nyeupe.

Mkono mweusi wenye manyoya ulining'inia nje ya blanketi.

«Yesu wangu,» Mama Delphine alinong'ona. «Ni sokomutu.»

«Anakufa, mama. Balimunywesha dawa. Maji. Tafazali.»

Maji yalikuja ndani ya kifuniko cha chupa. Danielle alimlowesha midomo, akamsugua mgongo, akamwita. Wanawake walisimama kuwazuia jua. Mbali, juu ya miti, ndege ndogo nyeupe ilipaa. Monsieur, yule mnunuzi, alikuwa amechoka kungoja. Aliondoka mikono mitupu, lakini aliondoka, na Danielle hakuweza kufanya lolote ila kuitazama.

Kidole kidogo kikafunga juu ya kidole chake.

Arsène alifika jua likiwa limeinama, na Anne, daktari wa wanyama. Anne alisikiliza kifua cha Tina, akatabasamu kidogo. «Ataishi, nafikiri. Nipane.»

Ilibidi Danielle afungue vidole vile kimoja kimoja. Tina alilia. Mlango wa gari ukafungwa, na kilio kikaenda nalo.

«Jina ya mutoto yako ilisikilika,» Arsène alisema. «Huwezi kurudia tena mu kazi hii ya siri.»

«Najua, chef.»

Mama Delphine alikuwa anaokota samaki wake. Hakumtazama.

«Donc ulitubeya, ulitudanganya. Hakuna Mbuyi, hakuna Kabanga.»

«Iko, mama. Bote bawili. Iko Kikula, kwa bibi yabo.»

Mama yule akanyooka. Alimchunguza Danielle usoni. Kisha akachagua samaki wawili, wanaolingana, akamtia mmoja kila mkono.

«Usimupe moja mbele ya mwenzake. Kwenda, Mwambuyi.»

Danielle alikuwa ameshaiacha bastola ya Casimir kwenye kiti cha gari la Arsène; akavuka barabara upande wa magari yanayorudi Likasi. Hakugeuka nyuma.

Samaki mmoja mkono wa kulia. Mmoja wa kushoto.