Simu ya Saa Nne

Lifti ya hospitali iliharibika Jumatatu, siku ambayo mji mzima huwa umekumbuka kuumwa. Ngazini palikuwa hapapitiki: ndugu wenye vyombo vya chakula, wanafunzi wa udaktari, wagonjwa wanaopumzika kila baada ya ngazi tatu. Muuguzi mmoja wa wodi ya mahututi alikuwa akishuka mbio, sare yake ya kijani imepigwa pasi mpaka mistari imesimama, nywele kazifunika kwa kofia ya maua. Kijana mrefu mwenye koti jeupe alikuwa akipanda, kakumbatia kisanduku kwa mikono miwili. Wakakumbana kwenye kona.

“Usinishike!” kijana akapiga kelele.

“Nani kakushika? Nani anakutaka?”

“Samahani, sista. Humu kuna makohozi ya watu kumi na wawili. Kikianguka, mimi na wewe tunakwenda kulazwa wodini kwako.”

“Kitanda kimoja au viwili?”

Neno lilimtoka kabla hajalipima, akaona haya mpaka masikioni. Kijana alicheka, kisanduku kikacheka naye, na ikabidi Sista akishike kwa chini kisije kikamwagika.

Kijana alikuwa mtu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu vya wagonjwa kwenye visahani vya plastiki na kuvijaribu kwa dawa, ajue ipi inaviua. Sista akambandika jina la Bwana Sahani. Damu zao zikapatana. Kufika mwezi wa pili mazoea yalishaota: saa nne kamili asubuhi, Bwana Sahani akishamaliza kusoma sahani zake na kabla hajanywa chai, humpigia. Dakika moja tu.

“Mahabuba, umekula?”

“Nitakula saa ngapi na wewe huniachi?”

“Sema unanipenda, nikate.”

“Kata kwanza, ndiyo niseme.”

“Siku nikikuvisha pete utaacha ujeuri.”

“Wodini kwetu pete haziruhusiwi. Zinaficha uchafu.”

Simu nazo hazikuruhusiwa. Zilitakiwa kuachwa kabatini, na karatasi ya amri hiyo ilikuwa imebandikwa mlangoni mpaka imepauka. Kila mtu aliipita, madaktari wakiwa mbele. Ya Sista ilikaa mfuko wa kulia, haina sauti, ndani ya jalada jekundu alilonunuliwa na Bwana Sahani.

Kitanda cha nne alilala fundi cherehani, mama wa makamo aliyepasuliwa utumbo. Wenyewe wodini walimwita Fundi. Alikuwa kwenye mashine ya kupumulia, kalazwa kwa dawa ya usingizi, lakini Sista alimpenda akamzoea, akawa anamsemesha kama mtu aliye macho. “Fundi, yule mtu wangu kapiga tena. Ati ananiuliza kama nimekula.” Akimgeuza, akimpaka mafuta miguuni, anampa habari zote. Hali ya Fundi ilikuwa inapanda. Daktari alishasema wiki hiyo watamtoa mashine.

Kitanda cha tatu alikuwepo mzee aliyehamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine, na kwenye chati yake ilining'inia kadi ya njano: vijidudu sugu. Yaani vile ambavyo vimezizoea dawa zetu, ukivimiminia havishtuki.

Siku hiyo Sista alikuwa akimvuta mzee makohozi kwa mrija. Saa nne ikafika, mfuko ukatetemeka. Akaitoa simu akiwa na glavu zilezile mikononi.

“Nina kazi, wewe mtu!”

“Sema tu, nikate.”

“Nakupenda. Toka!”

Akairudisha mfukoni. Alipomaliza akavua glavu, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, maana katika kunawa hakuna aliyemshinda. Akaenda kitanda cha nne. Pale simu ikatetemeka tena, ujumbe wenye moyo mwekundu. Akaishika, akajibu mioyo miwili, akaitia mfukoni, kisha akauweka sawa mrija wa kupumulia wa Fundi. Alikuwa anatabasamu.

Baada ya siku tatu Fundi alichemka. Homa ilipanda, kifua kikajaa, na mashine iliyokuwa inapunguzwa ikarudishwa juu. Majibu ya maabara yalipokuja, vijidudu vyake vilikuwa vya aina ileile ya mzee wa kitanda cha tatu, wakati mzee mwenyewe hakuwahi kuinua hata mkono, seuze kufika kitanda cha nne. Matroni akaamuru kila kitu kifutwe kwa vijiti vya pamba na kupimwa: sinki, vyuma vya vitanda, vitasa vya milango, na simu za wafanyakazi. Kila kitu kikapewa namba badala ya jina, asiaibishwe mtu.

Bwana Sahani ndiye aliyekuja kufuta. Alipofika kwa Sista alilegea.

“Namba tisa,” alinong'ona. “Hii hata nikifumba macho naijua. Inanukia marashi yako.”

“Fanya kazi, watu wanaangalia.”

Siku mbili baadaye saa nne ilipita na mfuko ukabaki kimya.

Sista alidhani mtandao. Kesho yake alidhani kazi. Siku ya tatu alipiga mwenyewe, ikaita mpaka ikakatika. Wenzake wakaanza maneno. “Wanaume wa maabara hao,” mmoja alimwambia huku akikunja shuka, “wakishakusoma wanakutupa na sahani.” Sista alicheka kwa meno tu. Alikuwa roho juu, na si kwa ajili ya mapenzi peke yake. Alishaanza kuhesabu nyuma: glavu, mfuko, moyo mwekundu, mrija. Kila akihesabu anaishia palepale. Chakula kikawa hakipiti.

Siku ya nne alivua aproni akateremka maabara. Bwana Sahani alikuwa peke yake mbele ya taa, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, koti limekunjamana yeye ambaye alikuwa mtanashati.

“Kama umenichoka, niambie usoni,” Sista akaanza. “Usinipige chenga kama mtoto.”

Bwana Sahani aliisogeza taa. Alimsogezea visahani viwili. Juu ya utando wa vijidudu vilivyoota palipangwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake.

“Dawa ikifanya kazi, inaacha pete safi kuzunguka kidonge chake. Tafuta pete.”

Sista aliinama. Utando ulikuwa umejaa mpaka kwenye vidonge vyenyewe. Ilikuwepo pete moja tu, nyembamba, kwenye kila sahani, na mahali palepale.

“Hicho chenye pete ni dawa ya mwisho tuliyonayo,” alisema. “Ndiyo anayopewa Fundi tangu majibu yake yatoke. Inaua vijidudu, lakini inaumiza figo. Sahani hii ni ya Fundi.”

“Na hii?”

“Namba tisa.”

Sista alikaa chini, palepale sakafuni.

“Inafanana tu,” Bwana Sahani aliharakisha. “Siwezi kula yamini kwamba ndiyo hiyo. Inaweza kuwa...”

“Nyamaza. Ni mimi. Niliishika nikiwa na glavu za mzee. Najua mpaka dakika.”

“Na nani alikuwa anapiga?” Bwana Sahani alidakia. “Wewe ulikuwa kazini. Mimi ndiye ninayeotesha vitu hivi kila siku. Najua simu inabeba nini kuliko mtu yeyote katika jengo hili, na nilijua uko vitandani. Nilipiga kwa sababu nilitaka kusikia sauti yako. Nitakupigia tena kwa uso gani?”

“Kwa hiyo ukaniacha nikae na hili peke yangu?”

Bwana Sahani aliinamia visahani vyake. Kule kuachwa peke yake ndiko kulikomuuma Sista kuliko yote, akaondoka bila kuaga.

Hakurudi wodini moja kwa moja. Aligonga kwa matroni.

“Namba tisa ni yangu, mama.”

“Najua, mwanangu. Orodha ninayo. Nilikuwa nangoja kama utakuja.” Akavua miwani. “Utaandika maelezo, na utasimama mbele ya wenzako uwaeleze. Sitaki ulie. Nataka wasikie.”

Alisimama akawaeleza, na akalia pia. Kabati la simu likapata kufuli. Siku kumi na moja Sista alimhudumia Fundi bila kumsemesha, mdomo ukiwa mzito. Homa ilishuka siku ya sita. Mashine ikatolewa. Figo, zilizozimwa na ile dawa, ndizo hazikuamka, na Fundi akahamishiwa wodi ya kawaida, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Daktari alisema huenda zikarudi, huenda zisirudi.

Sista alimfuata huko siku yake ya mapumziko, asubuhi, amevaa gauni la bluu lisilo na madoido. Fundi alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, amekonda. Alimtazama, akafumba macho.

“Sema kitu,” alisema kwa sauti iliyokwaruzwa na mrija.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Ndiwe, sauti ileile. Na yule wako, mbona aliacha kupiga?”

Sista alisogea karibu. “Ulikuwa unasikia?”

“Sikuwa na saa, mwanangu. Ulikuwa ukisema kapiga, najua siku nyingine imepita na mimi nipo. Halafu ukanyamaza. Nikadhani nimekufa.”

Hapo Sista alimwambia yote, tangu kadi ya njano mpaka mioyo miwili. Hakujitetea kwa neno hata moja. Fundi aligeukia dirisha.

“Sijui kama nimekusamehe,” alisema bila kugeuka. “Leo sijui. Yeye yuko wapi?”

“Chini, maabara. Haamini kama anastahili kuniona.”

“Na wewe?”

“Mimi pia siamini. Ila nampenda.”

“Mwite. Nataka kuiona sura ya saa nne.”

Sista alipiga. Safari hii iliita mara moja tu.

“Panda wodi ya wanawake,” alisema. “Fundi anakutaka. Na mimi pia.”

Alifika anahema, lifti ilikuwa mbovu tena. Alipiga goti kando ya kitanda, akashindwa kusema alichotaka kumwambia Fundi, akajikuta anamtazama Sista. “Pete ninayo tangu mwezi uliopita,” alisema. “Naona aibu kuitoa hapa.”

“Iweke,” Sista alimjibu. “Nimekubali. Lakini gauni langu atashona Fundi. Asipoweza kukanyaga cherehani, hatufungi ndoa.”

“Tutangoja,” Bwana Sahani akasema.

Fundi aliwatazama wote wawili. Akanyoosha mkono. “Huna futi kamba hapo? Ile ya kupimia matumbo ya wajawazito?”

Sista akaenda kuiazima. Alipoileta, Fundi hakuipokea.

“Umenawa?”

Akarudi sinki akanawa mpaka viwikoni, akaifuta futi nayo. Ndipo Fundi akamsogeza. Futi ikateleza, akairudisha. Akapima mabega. Akapima kifua, akataja namba, Bwana Sahani akaandika nyuma ya kiganja chake. Kisha akaegemea mto, pumzi imemwishia.

“Basi,” alisema. “Kiuno kesho.”