Kilumi cha Dakika Nane

Nthenya alimsuka bintiye upande mmoja wa kichwa, akaweka kitana chini, akaenda kusimama mlangoni. Ndunge alingoja pale kigodani mpaka shingo ikamuuma. Alipomwita mama yake aje amalizie, Nthenya alirudi, akakiokota kitana, akakitazama kana kwamba hajui kina kazi gani. Asubuhi mtoto alikwenda shule na kitambaa kichwani.

Makau, mumewe, hakulitilia maanani jambo hilo. Ilikuwa wiki ya kwanza baada ya mashindano ya ngoma, na mwanamke aliyecheza mbele ya ukumbi mzima ana haki ya kuchoka. Lakini siku zilizofuata aliukuta ufagio umelala katikati ya chumba, huku sakafu safi na kule vumbi tupu. Alikuta shuka likining'inia kambani, povu limekaukia upande ambao haukusuuzwa. Jioni moja Nthenya alianza kusema, "Baba Ndunge, kesho ukipita Gikomba, uninunulie..." akanyamaza.

"Nikununulie nini?"

Alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akaenda zake.

Waliishi Makongeni, katika nyumba za reli. Makau alikuwa karani wa kupanga nyakati za treni, na baada ya kazi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha ngoma cha Wakamba wa mtaa huo. Iliposikika mwaka ule wa sabini na tisa kwamba mitaa yote ya Eastlands itashindana katika ukumbi wa Shauri Moyo, alijua wenzake wangeleta ngoma za vijana, za kuruka na kupinduka hewani. Yeye alitaka kitu ambacho waamuzi hawajawahi kukiona. Akaenda kwa Syombua.

Syombua, ambaye mtaa ulimwita Susu, yaani bibi, alikuwa mjane wa fundi wa reli, na katika ujana wake alipiga kilumi. Kilumi ni ngoma ya akina mama wa Ukambani ya kumwita pepo. Hupigwa mpaka pepo apande, aulizwe shida yake, aijibu, kisha atoke. Na kama kutoka kwake kutachukua usiku kucha, ngoma hupigwa usiku kucha.

"Hii haina dakika," Syombua alimwambia.

"Ni maonyesho tu, Susu. Kila kikundi kimepewa dakika nane. Hatumwiti mtu."

"Na yeye atajuaje kwamba ni maonyesho?"

Makau alicheka. Syombua hakucheka, lakini alikubali. Pengine ni kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumwomba apige chochote, na mikono nayo huwa na hamu zake.

Siku ya mashindano Makau mwenyewe ndiye aliyekitambulisha kikundi. Alieleza asili ya kilumi, akaeleza maana ya mavazi, na kwa kuwa watu walimsikiliza vizuri, akaeleza zaidi, dakika nazo zikienda. Ngoma zilipopata moto, mabega ya Nthenya yalianza kutetemeka kwa namna ambayo hayakuwahi kutetemeka mazoezini. Ukumbi ukasimama. Syombua akabadilisha mpigo, akaingia ule wa kukaribisha, na hapo Wanyoike, mtunza ukumbi, akagonga kengele. Muda umekwisha. Makau aliinua mkono na ngoma zikakatika. Makofi yakalipuka, na katikati ya makofi hayo Nthenya alibaki amesimama mdomo wazi, bega moja bado likitetemeka.

Walipata nafasi ya pili.

Harufu ilikuja baada ya zile kazi zilizoachwa njiani. Warigia, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyeisema kwanza.

"Baba Ndunge, mnachoma nini humo? Kama ni mbuzi, jirani huitwa. Sisi si wageni."

"Hatuchomi kitu, mama."

"Basi pua yangu imezeeka."

Haikuwa imezeeka. Makau aliijua harufu ile: ya ngozi ya ngoma inapooteshwa moto ili ikaze. Lakini ngoma zote zilikuwa kwa Syombua, na jiko lao lilikuwa baridi.

Halafu kukaja mlio. Alikuwa ameketi na gazeti mchana wa Jumamosi, watoto wakipiga kelele nje bombani, aliposikia kitu kikigonga ndani ya ukuta, polepole, kama kidole. Aliutambua mpigo. Ulipanda mpaka mahali pale, mahali pa kengele, ukakatika. Ukaanza tena. Nthenya alikuwa kitandani, uso ameuelekeza ukutani, na kila mpigo ulipokatika bega lake liliruka.

Warigia alirudi jioni hiyo. Safari hii hakuwa na mzaha, na aliongea akiwa ameshika kitasa.

"Mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu," alinong'ona. "Lakini mama Ndunge alikuja kwangu kuomba chumvi. Akasimama hapo mlangoni, akavuta pumzi. Mimi nikangoja aitoe. Nikangoja. Baba Ndunge, kikombe kilinitoka mkononi nikingoja."

Tangu hapo Makau alimwangalia mkewe kifua tu. Pumzi iliingia. Ikakaa. Ilikaa hata midomo ikageuka rangi, hata naye mwenyewe akajikuta amebana pumzi yake, na pale alipokuwa karibu kumshika na kumtikisa ndipo ilipotoka, kidogo, kama iliyoibwa. Kila siku ilichelewa zaidi ya jana. Hakuhitaji daktari kumwambia itafika siku isitoke.

Jumapili, baada ya ibada, Mchungaji Kiilu alikuja na wazee wa kanisa. Alimwekea Nthenya mkono kichwani, akaomba vizuri, bila makelele, kama mtu anayemjua anayezungumza naye. Harufu ya ngozi ikazidi. Ukuta ukaanza kugonga, wazee wakatazamana, naye mchungaji akapandisha sauti ili aufunike mlio ule, akaomba mpaka akafika kwenye maneno "kwa jina la", na hapo sauti ikamkatika, akameza mate akaanza upya, akafika palepale ikamkatika tena, na mara ya tatu midomo yake ilicheza peke yake huku jasho likimtiririka hadi kwenye kola na macho yakimwomba Makau msaada ambao Makau hakuwa nao.

Nje, akiwa ameshika kofia, alisema kwa sauti ya chini, "Nimeomba miaka mingi, ndugu yangu. Leo sikufika kwenye Amina."

"Tufanyeje?"

Mchungaji aliangalia nyuma kuona kama wazee wako karibu. "Mwendee yule mama aliyempigia ngoma. Mimi sitauliza mliongea nini."

Syombua alikuwa ameshaziotesha moto ngoma zake. "Nilijua utakuja," alisema. "Nilimwita, akafika mlangoni, nikamnyamazia. Hata mimi ningekasirika. Tunarudi palepale, tunaanza pale tulipokata."

Wanyoike aliwafungulia ukumbi alasiri ya siku ya kazi. "Mimi niligonga kengele tu, mzee," alimwambia Makau, akikwepa kumtazama Nthenya. "Kama mngeniambia kuna mtu yuko njiani, si ningengoja?"

Walimketisha Nthenya jukwaani. Syombua aliibana ngoma katikati ya magoti, mwenzake wa kikundi akashika ya pili, kisha Syombua akamwita Makau karibu.

"Sikiliza. Atasema. Nitamuuliza anachotaka, naye atakitaja. Jibu ni la mkeo, si lako, si langu. Hata akikuita kwa jina, nyamaza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Susu."

Mikono ikashuka. Haikuanza mwanzo, ilianza pale kwenye kukaribisha, na Nthenya akainuka kama aliyevutwa kwa kamba. Mabenchi matupu yaliitikia. Jua lilikuwa likiingia madirishani, magari yakisikika Jogoo Road, na katika mwanga huohuo wa kawaida Nthenya alivuta pumzi moja ndefu, akaibana, akafungua mdomo na kusema bila kifua chake kusogea hata kidogo.

"Mbona mwanikatiza?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, na Kiswahili cha pwani, ambako Nthenya hakuwahi kufika. "Mwaniita, nimekuja, kisha mwanifungia mlango usoni."

"Tumekukosea," alisema Syombua, mikono haikupunguza. "Wataka nini?"

"Pa kukaa."

"Mwulize mwenye mwili."

Ile sauti ikazama ndani, ngoma zikienda. Nthenya alipiga magoti, kisha akalala kwa ubavu, macho wazi, mishipa ya shingo imesimama. Kifua hakikusogea. Makau alingoja. Aliona midomo ikigeuka rangi ya majivu, akaona vidole vikikwaruza mbao, akamtazama Syombua, naye Syombua akatikisa kichwa, subiri, na ngoma zikaendelea, na jasho likamdondoka mwanamke mzee hadi kwenye ngozi, na bado pumzi haikutoka, na Makau, ambaye maisha yake yote alijua ni dakika gani kitu kimechelewa kupita kiasi, aliona kwamba hii imepita, imepita sana, na ndipo ile sauti ikamgeukia, taratibu, kwa upole wa mgeni anayejua adabu.

"Bwana mwenye nyumba. Wasemaje? Nikae?"

"Kaa!" Makau alipiga kelele. "Kaa, mradi apumue!"

Pumzi ikatoka. Ilitoka ndefu na kamili, mpaka mwisho. Ngoma zikanyamaza. Wanyoike, kule mlangoni, alisema "Bwana asifiwe" na kufuta uso kwa mkono wa shati. Nthenya aliketi, akaomba maji, akanywa kikombe chote, akamrudishia mumewe. Makau alikuwa analia waziwazi.

"Nani alijibu?" aliuliza Syombua. Hakuwa ameondoa mikono juu ya ngoma.

Makau aliinamisha uso kwenye kikombe kitupu.

"Nilikuwa nasikia yote," alisema Nthenya. Sauti ilikuwa yake, imechoka tu. "Aliniuliza, nikamwambia toka. Akaniuliza tena, nikamwambia toka. Alikuwa amefika nje, baba Ndunge. Mguu mmoja tu ulikuwa ndani. Alikuuliza wewe kwa sababu alikuwa anashindwa."

"Ulikuwa hupumui, mama Ndunge."

"Nilikuwa namsukuma."

Makau alimgeukia Syombua. "Tupige tena, Susu. Sasa hivi. Nitanyamaza."

Mwanamke mzee alimtazama bila hasira. "Nilijua kumtoa mgeni," alisema. "Sasa umempa nyumba. Ngoma ya hiyo sikufundishwa."

Wakarudi Makongeni kwa miguu, Nthenya mbele, mwendo wake mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa siku nyingi. Alizungumza njiani, na kila sentensi aliimaliza. Nyumbani Makau alifungua kufuli, akausukuma mlango, akasogea kando ili mkewe apite.

Nthenya hakupita. Naye alisogea kando, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyompisha mkubwa wake atangulie. Akangoja. Kisha akaingia.